Gari inachemsha mlima wa Newala tu, mjini haina neno: mafundi wanne, majibu manne

#1 Kibanio
Wakuu habari. Nisaidieni kabla sijaliwa hela.

Nina Corolla 110 ya 1997, injini 5A, gia za mkono. Nakaa Shangani, Mtwara. Mjini nazunguka nayo kutwa, mshale wa joto haugusi nusu. Mtwara mpaka Masasi, karibu kilomita 200, AC inawaka mwanzo mwisho, haina neno. Ila nikiiacha Masasi nikaanza kuukwea ule mlima wa Newala, sijamaliza kona mshale unaanza kuinuka taratibu kama mzee anayenyanyuka kwenye mkeka. Nisiposimama unagonga nyekundu.

Jumamosi nimesimama mara mbili. Ya pili maji yalitoka kwenye kidumu cha akiba yakaloanisha betri yote. Nikakaa chini ya mkorosho dakika 50. Kuna dogo akaniuzia dumu la maji kwa bei nisiyoitaja hapa, na simlaumu, huko juu maji yenyewe yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni.

Nimeshaonyesha mafundi wanne. Wa kwanza: toa themostati (ile valvu ya maji inayofunguka injini ikipata moto). Wa pili: gasketi ya silinda hedi imekufa, niandae 450,000. Wa tatu: rejeta imeziba, ikachokonolewe. Wa nne aliizunguka gari, akapiga tairi teke, akasema "bro, iuze."

Sijatoa hata mia. Nataka nianze mwenyewe na cha bei rahisi. Nina spana, jeki na Jumapili nzima. Nianzie wapi?

#2 Subira
Nimeweka kambi. Yangu nayo ni 110, bado haijachemsha ila najua zamu inakuja.

#3 Spana Kumi na Mbili
Mkuu, mpaka hapo umeshajipima nusu bila kujua. Gari ikichemsha imesimama na ikipoa ikikimbia, unatazama feni. Ikipoa imesimama na ikichemsha ikifanya kazi ngumu, unatazama mzunguko wa maji na uwezo wa rejeta kutoa joto. Lakini usijidanganye na hicho kipimo chako cha mjini. Mtwara foleni iko wapi? Bodaboda watatu na mbuzi hiyo siyo foleni.

Mlimani unakwenda gia ya pili, injini inatoa nguvu zake zote, na upepo wa mbele ni kiduchu kwa sababu mwendo ni mdogo. Kwa hiyo feni bado mshitakiwa. Iache injini kwenye sailensa (inanguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta) dakika 20, AC imezimwa. Feni iwake, ipoze, izime, iwake tena. Isipowaka, chomoa soketi ya swichi ya joto huku dashibodi imewaka. Toyota nyingi za miaka hiyo ukichomoa hiyo waya feni inatakiwa iwake yenyewe, zilitengenezwa hivyo ili waya ukikatika usiunguze injini. Ikiwaka, feni na relei yake ni wazima, swichi ndiyo imekufa. Isipowaka, fuata fyuzi, relei na mota.

#4 Dereva Mstaafu
Nimeendesha malori Kusini hii tangu enzi za kulala Ndundu tukisubiri kivuko, kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003. Mvua ikinyesha unakaa pale siku tatu, unakula na kuoga na Rufiji. Themostati tulikuwa tunazing'oa gari likiwa bado jipya. Hatukuchemsha. Kijana, ng'oa hicho kidude, tupa chooni, endesha gari.

#5 Kitabu na Grisi
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo napishana na wewe. Lori la zamani lilikuwa na rejeta kubwa kama mlango wa choo na feni ya mkanda inayozunguka muda wote. Hizi injini za sasa nyingi themostati ina kazi mbili: inafungua njia ya rejeta, na papo hapo inaziba njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinaonya usiitoe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha.

Usiitupe, ipime. Ifungue, chukua uzi, ubanishe kwenye mdomo wa valvu ikiwa ya baridi, ining'inize kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini. Washa jiko. Ikifunguka, uzi unaachia na themostati inadondoka. Nyingi zimegongwa muhuri 82, maana yake idondoke maji yakiwa yanaanza vipovu vidogo pembeni, kabla hayajatokota. Maji yakitokota na yenyewe bado inaning'inia, imekufa.

#6 Dereva Mstaafu
Marahaba. Sawa mwanangu, wewe una kitabu, mimi nina kilomita.

#7 Binti Mikindani
Samahani wakubwa, mmesema feni nami nikakumbuka langu. Feni ya dari sebuleni haiwaki mpaka niisukume na mti wa fagio, ikishapata mwendo inazunguka ila kichovu. Fundi kasema mota imeungua ninunue mpya. Ni kweli?

#8 Fundi Waya
@Binti Mikindani hapana dada, fundi maiko huyo. Mota iliyoungua haizunguki hata ukiisukuma, na ungesikia harufu. Hiyo ni kapasita. Ni kile kidude cheusi cha mstatili ndani ya kikombe cha juu, karibu na dari, feni nyingi za majumbani kimeandikwa 2.5 au namba inayokaribia hapo. Zima meni swichi, siyo ya ukutani tu, soma namba iliyoandikwa, nunua ya namba hiyo hiyo. Ni hela ya chipsi. Usiguse miguu yake na vidole, inaweza kuwa imehifadhi umeme, igusanishe kwanza miguu hiyo kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki.

#9 Mkorosho Mkavu
Mada ni gari jamani, dari imeingiaje?

#10 Spana Kumi na Mbili
Muache dada. Feni ni feni.

#11 Kibanio
Asanteni. Mrejesho wa kwanza.

Feni: imewaka yenyewe baada ya dakika 14, ikazima, ikawaka tena. Nimechomoa soketi, ikawaka. Feni imepita mtihani.

Themostati: nimetumia sufuria ya mama mkwe ya kuchemshia muhogo, hajui, msimwambie. Uzi mweusi wa cherehani. Nimechuchumaa pale kama napika kweli, mke wangu anacheka mlangoni. Maji yakaanza kutoa vipovu pembeni, nikaona kile kishaba kinasogea kidogo, mwanga ukapita, halafu tki, ikadondoka chini ya sufuria. Maji hayajatokota bado. Nikaitoa na kijiko, ikajifunga yenyewe ikipoa. Nimerudia mara tatu, zote imedondoka.

Kwa hiyo fundi wa kwanza hapana. Wamebaki watatu.

#12 Mzee wa Rondo
Umepima vizuri. Ila ulipoirudisha, kile kitundu chenye kipini kinachotikisika umekielekeza juu? Hicho ni cha kutolea hewa. Kikikaa chini, hewa inanasa, na hewa ikinasa unachemsha hata kama kila kitu ni kipya. Mimi nilipanda Rondo kutoka Mtama mara tatu nikichemsha, nimebadilisha hadi wotapampu, kumbe hewa. Gari iangalie mlimani, pua juu, fungua kifuniko ikiwa ya baridi, washa injini, weka hita ya moto kabisa, jaza taratibu mpaka mapovu yaishe.

#13 Subira
Hita? Mtwara? Mwezi wa kumi na mbili? Mzee utamuua huyu.

#14 Mzee wa Rondo
Si ya kukaa nayo. Hita ni rejeta ndogo ya pili ndani ya dashibodi, maji lazima yapite hapo nako. Na siku ukiona mshale unapanda uko mbali na watu, zima AC, fungua vioo vyote, washa hita na feni yake mpaka mwisho. Utaoga jasho ila utafika. Nimeendesha hivyo Nyangao mpaka Ndanda na bibi harusi nyuma. Make-up iliyeyuka yote, mpaka leo hanisalimii.

#15 Mwanafizikia wa Mtaa
Mbona jibu ni rahisi? Newala iko juu, na juu maji yanachemka mapema. Ndiyo maana mjini haichemshi.

#16 Kitabu na Grisi
@Mwanafizikia wa Mtaa nusu kweli. Joto la maji kuchemka linashuka karibu nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Uwanda wa Makonde hata mita 1,000 haufiki, kwa hiyo umepoteza nyuzi tatu hivi. Nyuzi tatu hazichemshi gari zima. Huo ni mlima wa Newala, siyo Kilimanjaro.

Ila umenikumbusha kitu tulichokiruka wote: KIFUNIKO CHA REJETA. Juu yake kimeandikwa 0.9 au 1.1, huo ni mgandamizo. Maji yaliyobanwa kwa 0.9 hayachemki kwa nyuzi 100, yanasogea mpaka karibu 119. Mpira wa kifuniko ukifa au springi ikilegea, rejeta inakuwa sufuria ya wazi. Mjini huoni shida kwa sababu hufiki hata 95. Mlimani unavuka 100, maji yanageuka mvuke, yanakimbilia kwenye kidumu, kidumu kinafurika. Si ulisema betri ililoana? Nunua kifuniko chenye namba ile ile ya zamani, usiongeze ukidhani unaiboresha, utapasua rejeta.

#17 Mtoto wa Chikongola
Na usikifungue cha moto. Nina kovu kutoka kiwiko mpaka bega, nilikuwa konda, nilifunika na kitambaa nikajua nipo salama. Kitambaa kililoa maji ya moto kikaganda kwenye ngozi. Subiri mpaka mpira wa juu uweze kuushika na kuubinya kwa mkono mtupu.

#18 Dereva Mstaafu
Na usimwagie injini ya moto maji ya baridi. Silinda hedi inapinda au inapasuka. Hilo nakubaliana na watu wa vitabu.

#19 Chumvi ya Bahari
Mleta mada umesema Shangani. Unapaki wapi? Pua inaangalia baharini?

#20 Kibanio
Ndiyo, mita kama 80 kutoka ufukweni. Kwa nini?

#21 Chumvi ya Bahari
Chukua tochi, ingia kwa mbele, pitisha kidole taratibu kwenye yale mapezi membamba katikati ya mirija. Usitumie nguvu. Niambie kinachotokea.

#22 Kibanio
Wallahi. Yamepukutika kama unga wa muhogo. Upande wa chini, karibu robo ya rejeta, nimepitisha kidole na yamedondoka, imebaki mirija mitupu. Na nyuma ya kondensa ya AC kuna nyasi, mbawa za kumbikumbi na karatasi ya karanga.

#23 Chumvi ya Bahari
Mgonjwa wako huyo. Chumvi imekula mapezi. Maji yako yanazunguka vizuri, hayavuji, mchokonoaji atakuta mirija misafi na atakula hela yako kihalali. Lakini joto linatoka kwenye mirija kwenda kwenye mapezi, halafu kwenye hewa. Mapezi yakikatika, rejeta kubwa inakuwa na uwezo wa rejeta ndogo. Mjini inatosha. Mlimani haitoshi.

Hii ndiyo Mtwara ndugu. Bati linakula, grili za madirisha zinakula, friji langu lilitoboka mgongoni kabla halijamaliza miaka mitano. Gari ya Newala ya umri ule ule ukiikagua chini unaona rangi ya kiwandani.

#24 Spana Kumi na Mbili
Hapo nimekaa chini. Nilikuwa nimeshaandika gasketi nikafuta.

#25 Fundi wa Kupasua
Mimi sifuti. Mapezi kupukutika ni kweli, lakini usimwambie mtu akanunue rejeta kabla ya kupima gasketi. Gasketi ikianza kuchoka inavujisha moshi wa silinda kwenye maji wakati wa mzigo mkubwa tu, mlimani. Mjini haionyeshi kabisa. Nimeshafungua injini tano za hivi, wote walinunua rejeta kwanza.

Asubuhi injini ya baridi kabisa, washa, hesabu dakika moja, shika mpira wa juu. Ukiwa mgumu kama mguu wa mpira kabla maji hayajapata moto, hiyo siyo mvuke, ni moshi. Cha pili, gari ikiwa ya baridi toa kifuniko, vesha glovu ya hospitali kwenye mdomo wa rejeta, ikaze na raba bendi, washa injini. Ikijaa na kukupungia mkono, gasketi hiyo.

#26 Subira
Zamani tulifanya na mfuko wa nailoni.

#27 Mtoto wa Chikongola
Nailoni imepigwa marufuku tangu Juni 2019, wewe bado unayo? Mods mkamateni.

#28 Dereva Mstaafu
Mkishindwa kabisa na rejeta ikianza kuvuja, mayai. Mwaka fulani kabla ya lami, rejeta ya lori ilitoboka na jiwe sehemu za Somanga, usiku. Tulivunja mayai manne, ute tu, tukamimina injini ikiwa ya moto. Ute unapikika unapokutana na tundu, unaziba. Tulifika Lindi asubuhi na shehena nzima. Na tangi la mafuta likivuja, sabuni ya mche: unaisugua kavu kwenye ufa mpaka inakuwa kama nta. Dizeli na petroli haviyeyushi sabuni.

#29 Kitabu na Grisi
Ya sabuni nakuunga mkono asilimia mia, nimeitumia mwenyewe, ila tu mvua isinyeshe, na sigara kaa nayo mbali. Ya mayai ni kweli inaziba, shida haichagui tundu. Inaziba na mirija mizima, na hita, na themostati.

#30 Mkorosho Mkavu
Rejeta ya zege. Ongeza kachumbari.

#31 Dereva Mstaafu
Cheka tu. Wewe ungelala Somanga na simba.

#32 Binti Mikindani
Mrejesho na mimi: kapasita imekuja, 2.5 kama ulivyosema, kaka yangu kafunga, feni inakata upepo mpaka kalenda inadondoka ukutani. Asante @Fundi Waya. Sasa nina bomba la jikoni linadondosha usiku kucha...

#33 Fundi Waya
Washa, yaani kile kimpira cha ndani ya bomba, imekufa dada. Funga koki ya nje, fungua kichwa cha bomba, utaona kipande cha mpira cha mviringo kimeliwa. Dukani zipo, ila hata ndala iliyokatika inatosha. Kata duara saizi ile ile kwenye kisigino, hapo ndipo kuna unene, toboa katikati na msumari wa moto. Wangu una mwaka wa pili. Ila kabla ya kufunga, pitisha kidole kwenye kikalio cha shaba anapokaa huo mpira. Ukisikia mchirizi, utakata ndala zote za nyumba na litadondosha tu.

#34 Baba Ndala
Hili jina nililipata kwa sababu hiyo hiyo. Bushi ya gia ya kidude changu cha 1994 ni ndala. Mwezi wa nne sasa.

#35 Chumvi ya Bahari
@Binti Mikindani na friji kama lipo, livute ukutani kiganja kimoja, fagia vile vyuma vya nyuma. Friji nayo ina rejeta yake. Watu wanaita fundi wa gesi kumbe ni vumbi tu limeshona mgongo.

#36 Kibanio
Mrejesho wa pili, mtanisamehe ni mrefu.

Nimeosha rejeta na kondensa kwa maji ya mpira kutokea upande wa injini kwenda mbele, nguvu ndogo. Uchafu uliotoka ungepandia mchicha. Mapezi yaliyolala nimeyanyoosha na kibanio cha nyusi cha mke wangu, tuna ugomvi mpya.

Kifuniko kipya 0.9, shilingi 15,000. Cha zamani mpira wake umepasuka pande mbili na ukikibonyeza springi haina ubishi. Nimeondoa hewa kwa njia ya Mzee wa Rondo, kipini juu.

Sasa glovu. Asubuhi saa 12, injini ya baridi. Imevimba NUSU. Vidole viwili vimesimama, vitatu vimelala. Mpira wa juu baada ya dakika moja siyo laini na siyo mgumu. Oili safi, haina rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe hakuna. Mnasemaje?

#37 Fundi wa Kupasua
Nusu ni nusu gasketi. Andaa hela.

#38 Kitabu na Grisi
Nusu siyo kitu. Maji yakipata joto yanatanuka, pampu inasukuma, hewa iliyobaki inatoka, glovu lazima isogee. Swali ni kama inaendelea kujaa na kudunda kwa kufuata mlio wa injini. Inadunda?

#39 Kibanio
Inatikisika kidogo. Sijui kama ni kudunda au ni mtetemo wa gari. Raba maunti (mipira inayoshikilia injini) nazo zimekufa.

#40 Fundi wa Kupasua
Inadunda hiyo.

#41 Kitabu na Grisi
Kasema raba maunti zimekufa, hata kioo cha pembeni kinadunda.

#42 Spana Kumi na Mbili
Msimgombanie kama mpira wa kona. Kuna vitu viwili hatujauliza. Je, kuna fundi aliyegusa distributa (kile kinachogawa cheche kwenye plagi) hivi karibuni? Taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, ikirudishwa nyuma, mafuta yanachelewa kuungua, joto linaishia kwenye silinda hedi na ekzosi badala ya kusukuma pistoni. Gari inakuwa nzito mlimani na inachemsha. 5A kipimo chake ni nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa, na lazima uunganishe ule waya wa kupimia kwenye boksi la daignosisi kwanza, TE1 na E1, bila hivyo unapima kivuli. Na breki: ukimaliza safari gusa rimu zote nne. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inashika, unapanda mlima umevuta hendibreki.

#43 Kibanio
Distributa iliguswa mwezi wa nane wakati wa kubadilisha plagi. Kwa sikio. Fundi alikuwa anasikiliza kama anapima radio.

#44 Spana Kumi na Mbili
😂 Basi tumeongeza mshitakiwa wa tano.

#45 Mlinzi wa Masega
Wa sita. Gari ya 1997 masega ya ekzosi (lile chujio la moshi chini ya gari) yakiziba moshi hautoki, injini inabanwa pumzi. Dalili: mlimani inakosa nguvu, sahani ya chini inakuwa nyekundu usiku. Angalieni.

#46 Mkorosho Mkavu
Kwa nini usipite Nanyamba na Tandahimba tu? Kule unapanda kidogo kidogo, unafika Newala hujui kama umepanda.

#47 Kibanio
Mkuu mzigo wangu unaanzia Masasi. Ningekuwa napita kule uzi huu usingekuwepo.

#48 Maji ya Kisima
Mbona hakuna aliyeuliza anaweka maji gani? Angalieni birika lenu la chai ndani, ule ukoko mweupe. Ndio unaojishika ndani ya injini. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi. Wekeni kulanti (maji maalumu ya rejeta). Kama hela hakuna, maji ya mvua yaliyochujwa, au maji ya betri.

#49 Fundi Waya
Kwenye maji ya betri kuweni makini. Dukani kuna chupa mbili zinafanana: maji safi ya kuongezea, na asidi. Muulize muuzaji mara mbili. Jirani yangu aliweka asidi kwenye rejeta, ilitoboka kama kichujio cha nazi.

#50 Mzee wa Rondo
Nikiwasikiliza namkumbuka marehemu baba. Yeye kila kitu dawa yake ilikuwa mafuta ya ganda la korosho. Nguzo za banda zisiliwe na mchwa, mafuta ya ganda. Mtumbwi unavuja, mafuta ya ganda. Yalimbabua mikono mpaka ngozi ikatoka, maana yale yanaunguza kama moto, lakini nguzo zipo mpaka leo.

#51 Kitabu na Grisi
Na usicheke, mzee alikuwa mbele. Mafuta ya ganda la korosho yanaingia kwenye utengenezaji wa vitambaa vya breki viwandani, yanastahimili joto. Korosho yako ya Tandahimba huenda inakurudia kwenye breki pedi.

#52 Mkorosho Mkavu
Kumbe ndiyo maana breki zinanuka karanga.

#53 Kibanio
Jana jioni nimeipandisha mlima wa Mikindani mara nne mfululizo gia ya pili, AC imewaka. Mshale haujasogea. Lakini mlima ule ni kama ngazi ya baraza ukiulinganisha na wa Newala. Rimu zote nne joto sawa. Sahani ya chini sijaona wekundu. Rejeta ya Japani iliyotumika nimeambiwa 180,000, mpya ya Kichina 140,000, yote Dar, inakuja na basi.

Ijumaa nina msiba Newala, kupitia Masasi, hakuna kukwepa. Nabeba madumu mawili, glovu ya akiba, na sabuni ya mche kwa heshima ya mzee.

#54 Fundi wa Kupasua
Utanipigia simu ukiwa kona ya tatu.

#55 Chumvi ya Bahari
Nunua rejeta. Na uanze kupaki mgongo baharini.

#56 Dereva Mstaafu
Poleni na msiba. Themostati bado umeiacha?

#57 Kibanio
Bado ipo mzee.

#58 Dereva Mstaafu
Haya.

#59 Binti Mikindani
Pole kaka Kibanio. Nafasi ya mbele ipo? Shangazi yangu anataka kufika Masasi Ijumaa hiyo hiyo, ana kuku wawili na mkungu wa ndizi.

#60 Kibanio
Ipo mpaka Masasi. Asipande mlima na mimi.